Kitabu Kilale Nyumbani: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri Yetu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KURUHUSU VITABU VYA HADITHI VIENDE NYUMBANI NA WATOTO, NA KUZISAIDIA FAMILIA KUSOMA NA WATOTO WADOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliiandika kwa mkono nikampa Mwalimu Mkuu wa shule anayosoma binti yangu. Ya pili ilipita kwa Afisa Elimu Kata. Ya tatu niliileta mwenyewe masijala ya ofisi yako, ikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA", nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nimerudi mara tano. Mara ya mwisho kijana wa masijala aliniambia, kwa upole kabisa, "Mzee, jalada liko juu." Juu wapi sikuelewa, maana jengo lenu halina ghorofa. Basi hii ya nne naiandika hadharani, ili na wazazi wenzangu waisome. Sina ugomvi na wewe. Umehamia wilaya hii juzi tu, na mengi ninayoyaeleza umeyakuta.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni. Nina mke na watoto watatu, na ninaishi na mama yangu mzazi. Shule niliishia darasa la saba. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kamati ya shule, na nadhani balaa lilianzia hapo, kwa sababu mjumbe wa kamati hufunguliwa makabati.

1. Kabati lenye kufuli

Machi mwaka jana kamati ilitakiwa kuhakiki mali za shule. Tulihesabu madawati, majembe, sufuria za uji, kisha likafunguliwa kabati la mbao lililo nyuma ya meza ya Mwalimu Mkuu. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi, vya Kiswahili, vya picha na maandishi makubwa, vya kiwango cha watoto wanaoanza kusoma. Tulihesabu 212. Vililetwa na mradi mmoja uliopita hapa miaka sita iliyopita, mradi ukaisha, kabati likafungwa. Vingi havijawahi kufunguliwa; ukitenganisha kurasa zinalia kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Safu ya chini haikuhesabika, maana ukuta ule unavuja na mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma. Tukaandika kwenye fomu: "vilivyoliwa na mchwa, takriban 40." Tukasaini. Kufuli likarudishwa.

Wakati huo binti yangu alikuwa darasa la kwanza, chumba cha tatu kutoka kwenye kabati hilo. Nyumbani kwetu maandishi yaliyokuwapo ni mfuko wa unga, kalenda ya ushirika, karatasi za daftari zinazofungiwa karanga, na kanga za bibi yake. Kusema kweli kanga ndizo zilizomfundisha. Alikuwa akimfuata bibi yake nyuma nyuma huku akipitisha kidole: m-che-za kwa-o hu-tu-nzwa. Lakini kanga ina sentensi moja tu. Ukishaisoma mara kumi unaijua kwa moyo, na mtoto anayejua kwa moyo hasomi tena, anakariri.

Nilimuuliza Mwalimu Mkuu kwa nini vitabu hivi havitoki. Hakunificha. "Fundi," akasema, "kitabu kikipotea mkaguzi ananiuliza mimi. Mtoto akishindwa kusoma, haniulizi mtu." Nimelifikiria jibu hilo kwa mwaka mzima na sijapata la kumlaumu. Yeye analinda kilichoandikwa kwenye leja. Ila mchwa hawakusaini popote, na hakuna aliyewaita kwenye kikao.

Nimeuliza katika shule mbili nyingine za kata yetu. Moja ina sanduku la bati, nyingine ina kabati kama letu. Kufuli ni zile zile.

2. Sekunde 19

Darasa la mwanangu lilikuwa na watoto 94. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Tuseme mwalimu asiseme neno, asiandike ubaoni, asimtoe nje mtoto anayelia, awe anasikiliza tu mtoto mmoja mmoja akisoma. Kila mtoto atapata sekunde 19. Mwalimu wa darasa lile ni hodari, nimemwona akifundisha, sauti imemkauka kufika saa nne asubuhi. Lakini hesabu haina huruma na hodari.

Kwa nini muda wa kusikilizwa ni muhimu kiasi hicho? Kiswahili kina bahati moja na mtihani mmoja. Bahati ni kwamba tunaandika kama tunavyosema. Mtoto akishajua ba be bi bo bu, akazoea mb na nd, akaivuka ng' na ng, anaweza kutamka neno lolote hata asilolijua. Mtihani ni urefu wa maneno yetu. Chukua neno "hatukuwasomea". Ni neno moja, ila ndani yake kuna aliyetenda, aliyetendewa, wakati uliopita na ukanushi, silabi saba. Mtoto anayevuta silabi moja moja, ha… tu… ku… wa…, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Ametamka yote na hakuelewa kitu. Dawa yake ni mazoezi, asome mara nyingi mpaka jicho lishike neno zima kwa pamoja, kama mimi ninavyoitazama shati nikajua ni saizi gani bila kupima. Mazoezi hayo hayapatikani kwa sekunde 19.

Nyumbani, dakika 15 kwa siku tano ni dakika 75 kwa wiki, mtoto mmoja, msikilizaji mmoja. Halmashauri haiwezi kuajiri walimu wa kumpa kila mtoto dakika 75. Sisi tunaweza kuzitoa bure, na tunachokosa ni cha kusoma.

Hili si la shule yetu peke yake wala si jipya. Mwaka 2010 watu wa Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipopita kaya kwa kaya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, katika watoto wa darasa la tatu ni kama mmoja tu kati ya watatu aliyeweza kuisoma kwa Kiswahili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili, na nasikia umesaidia. Ila mtaala unaishia kengele ikilia.

3. Mikutano ya wazazi tunayoitiwa

Nimehudhuria mikutano ya wazazi tangu mwanangu wa kwanza aanze shule, na yule sasa yuko kidato cha pili. Ajenda nazijua kwa moyo: mchango wa uji, mlinzi, matokeo ya darasa la saba, utoro, mengineyo. Kwenye "mengineyo" watu huwa wameshasimama. Hata UWAWA, ambao ni Umoja wa Wazazi na Walimu na uliundwa tusaidiane katika kujifunza kwa watoto, kwetu umekuwa chombo cha kukumbushana michango.

Sijawahi hata siku moja kumsikia mtu akituambia: mkifika nyumbani, mkalisheni mtoto, mshike kitabu pamoja, mwache afunue kurasa mwenyewe, muulize unaona nini hapa, unadhani fisi atafanya nini sasa. Wazazi wengi wa hapa wanaamini kusoma na mtoto ni kumtahini. Anakosea, anachapwa kofi, anaanza kukimbia kila anapoona daftari. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza. Hakuna aliyenifundisha njia nyingine, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo.

4. Miaka mitano kabla ya shule

Mama wa hapa anapojifungua anapewa kadi ya kliniki, na kila mwezi anampeleka mtoto kupimwa uzito. Anakaa kwenye benchi saa mbili, saa tatu, mtoto mapajani. Anaambiwa habari za maziwa, chandarua, chanjo na mbogamboga. Vizuri sana.

Lakini Serikali ina mpango wake, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, uliozinduliwa Dodoma Desemba 2021, wa kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Mpango huo unawahusu watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane, na umetaja mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kwenye benchi letu yanasemwa mawili, matatu siku nesi akiwa na nafasi. Ujifunzaji wa awali sijapata kumkuta mtu aliyeusikia hapo, na nimewauliza akina mama wengi, maana nguo za watoto wanashona kwangu.

Hapa huwa najibiwa kwamba mtoto wa miaka mitatu ni mdogo, kusoma bado. Nakubali, herufi bado. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayeimbiwa, anayetegewa vitendawili, anayeambiwa "Paukwa!" akajibu "Pakawa!", anakusanya maneno. Siku atakapotamka silabi saba za "hatukuwasomea" atakuta neno lenyewe limeshamngoja kichwani. Asiyekuwa na maneno atatamka kelele tu. Na kwetu hapa kuna jambo la zaidi. Sisi ni watoto na wajukuu wa manamba. Babu zetu waliletwa kukata mkonge kutoka kila upande wa nchi, na mpaka leo nyumba nyingi zinaongea lugha ya nyumbani kwanza, Kiswahili kinafuata. Bibi anayemsimulia mjukuu hadithi ya sungura kwa lugha yake anamjengea mtoto msingi huo huo, na aambiwe hivyo na mtu mwenye cheo, kwa sababu wengine wameanza kuona aibu.

Sasa nijibu yale ambayo nimeshajibiwa, na yale ninayohisi nitajibiwa.

Nitaambiwa vitabu vitapotea. Baadhi vitapotea, nisikudanganye. Mwaka jana, baada ya kukata tamaa na kabati, nilikwenda mjini nikanunua vitabu vitatu vya hadithi. Nauli ilizidi bei ya vitabu. Nikashona mifuko mitatu ya kamba, nikaizungusha kwenye nyumba sita, kila nyumba siku mbili, mtoto mwenyewe ndiye anayeupeleka mfuko kwa jirani. Ni miezi tisa sasa. Kimoja kilichanika jalada, nikalishona. Ndiyo, kwa cherehani. Kingine kilipata mafuta ya taa, kinanuka lakini kinasomeka. Hakuna kilichopotea. Nyumba sita si wilaya, najua. Lakini linganisha na vile 40 vya kwenye kabati, vilivyokuwa chini ya ulinzi.

Nitaambiwa wazazi wengi wa huku hawajui kusoma. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu husemwa na watu waliosomeshwa na wazazi wasiojua kusoma.

Ndugu Mkurugenzi, pita mtaani kwetu baada ya Isha. Mtoto amerudi kutoka chuoni, yaani madrasa. Bibi yupo kwenye mkeka, hajui Kiarabu hata herufi, anamwambia mjukuu, "Hebu kaa hapa, nisikilizishe." Mtoto anaanza. Akisita, bibi anajua amesita. Akiruka, bibi anajua ameruka, maana jana hakusoma hivyo. Nyumba ya pili ni Wakristo, mtoto wao anasikilizwa katekisimu na wimbo wa Jumapili. Utaratibu wa kukaa na mtoto na kumsikiliza kila jioni upo kwetu tangu enzi za mababu, hakuna mfadhili anayehitajika kuja kuuanzisha. Shule ndiyo haijapata kutuma kitu cha kusikilizwa.

Jirani yetu ni mama ntilie na hajapata kusoma. Jioni huchambua mchele wa kesho, na mwanawe wa darasa la pili hukaa pembeni na kitabu cha mfuko. Mama haoni maandishi, anaona picha. "Huyo chura mbona amekasirika?" Mtoto anarudi ukurasa wa nyuma kutafuta jibu, anasoma tena, anamwambia mama. Mama hakubali, wanabishana. Nimekaa pale nikawatazama mpaka mke wangu akaja kuniita chakula. Mtoto yule alisoma ukurasa mmoja mara nne bila kulazimishwa na mtu, na aliyemfanya asome hajui a wala be.

Tena kuhusu wazazi kutojua kusoma, naomba nikumbushe kidogo historia, hasa kwa sababu mama yangu yumo ndani yake. Sensa ya 1967 ilikuta kama theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama alijifunzia chini ya mwembe wa kambini, kwenye kisomo chenye manufaa, akiwa na mimba ya kaka yangu, baada ya zamu ya shambani. Kufika katikati ya miaka ya 1980 Serikali ilikuwa inahesabu mtu mmoja tu katika kila kumi asiyejua kusoma. Na walioshika kalamu hawakuachwa hivi hivi. Zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini ili walichojifunza kisisahaulike. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi, redio moja katikati, wakajifunza habari za maji, mbu na vyoo, kisha wakaondoka wakachimba. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa. Mama yangu hunikumbusha kila ninaposema jambo fulani haliwezekani.

Nitaambiwa kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu vimo. Vimo, na ni kazi nzuri, nimeingia kwa simu ya binamu yangu. Lakini simu ya kupangusa kwenye nyumba nyingi ni moja, nayo huondoka na baba alfajiri kwenye bodaboda ikarudi mtoto amelala, bando limeisha. Na mtoto wa miaka minne ukimpa simu hataki hadithi ya sungura, anataka katuni. Simu iwe nyongeza.

Nitaambiwa hakuna fungu. Kuhusu hili nitaongea kama fundi. Mfuko mmoja wa kitabu, wa kitambaa kigumu cha marekani, wenye kamba ya kuvaa mgongoni, unanigharimu shilingi 1,500 pamoja na uzi na ufundi. Darasa la watoto 94 ni shilingi 141,000. Nadhani semina moja ya siku moja inakula zaidi ya hapo kwa soda na chapati peke yake. Na kama hata hizo hazipo, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika wilaya hii kuna vikundi vya akina mama vilivyokopa fedha hizo vikanunua vyerehani, na sasa vyerehani vimefunikwa vitambaa kwa sababu hakuna oda. Wapeni oda. Mimi sitaki tenda hiyo, niliseme mapema kabla halijasemwa. Ruwaza ya mfuko nitaitoa bure.

Na vitabu vya kuanzia vipo tayari. Vilishalipiwa, viko kabatini.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Uandike barua kwa Walimu Wakuu wote, kwa saini yako, kwamba vitabu vya hadithi vya awali hadi darasa la tatu viazimishwe watoto wakalale navyo nyumbani. Tuanze na Ijumaa hadi Jumatatu kama mnaogopa. Na barua hiyo itamke wazi kwamba kitabu kikichakaa au kupotea katika matumizi ya kawaida, Mwalimu Mkuu haulizwi. Viandikwe kama chaki, kitu kinachotumika kikaisha. Mkaguzi hajawahi kudai chaki ya mwaka juzi. Bila kifungu hiki, barua nyingine yote haitafanya kazi, nakuhakikishia, kwa sababu hofu ndiyo kufuli lenyewe.

(b) Kila mkutano wa wazazi utenge dakika 20 za mwanzo, kabla ya michango, mwalimu wa darasa la kwanza akae na mtoto mmoja mbele yetu atuonyeshe namna ya kusoma naye. Asitoe mada. Aonyeshe. Anavyonyoosha kidole chini ya neno, anavyosubiri mtoto anapokwama badala ya kumrukia, anavyorudia kitabu kile kile kwa sababu mtoto amekiomba (wazazi wengi hudhani kurudia ni uvivu), anavyoacha mtoto anapochoka. Na atuambie muda: kwetu ulio bora ni kati ya kurudi chuoni na chakula, wakati ugali unasongwa. Wengine watapata wao.

(c) Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Ustawi wa Jamii wakubaliane kwamba kwenye benchi la kliniki, angalau mara moja kwa mwezi, lisemwe jambo la kuongea na mtoto, kumwimbia, kumsimulia na kumwonyesha picha, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita majumbani walibebe hilo pia. Liko kwenye mpango wa Taifa, hamtaanzisha kitu kipya.

(d) Kila shule itoe hesabu ya vitabu vya hadithi ilivyonavyo na ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Tujue vilipo.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, na jibu litaje afisa mmoja anayeshughulikia jambo hili, kwa cheo chake, ili nikija nisiambiwe tena jalada liko juu.

Nimeacha kuomba maktaba. Natamani ingekuwepo, na nilipokwenda mkoani nikaingia kwenye maktaba ya Bodi ya Huduma za Maktaba nilikaa mpaka wakafunga, lakini nauli ya kwenda na kurudi na mtoto ni kazi yangu ya siku nzima. Nimeomba kile ambacho kinahitaji saini yako tu. Ukinijibu kwamba haiwezekani, basi nijibu hivyo pia kwa maandishi, na sababu, nami nitaibandika kibandani kwangu wazazi waisome wakisubiri nguo zao.

Binti yangu sasa yuko darasa la pili. Wa mwisho ana miaka minne na anaanza awali Januari. Siku 60 zitaisha kabla hajaanza.

Napatikana sokoni, kibanda cha mwisho kabla ya wauza dagaa, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Sampuli ya mfuko ipo, na kitabu kimoja cha mzunguko huwa kipo ndani yake isipokuwa siku za zamu ya mama ntilie.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani,
mzazi na mjumbe wa kamati ya shule.

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Halmashauri;
Diwani wa kata yetu;
Afisa Elimu Awali na Msingi;
Mganga Mkuu wa Wilaya;
Walimu Wakuu wote wa wilaya;
Masijala, iwekwe kwenye jalada lililoko juu.